Nyumba ya Pwani na Hali ya Hewa: Maneno ya Ujenzi na Maana Zake

Mwenye kutaja pande nne za dunia kwa Kiswahili hutaja jua na upepo. Mashariki na magharibi, maneno yenye asili ya Kiarabu, ni mahali jua lichomozapo na mahali lituapo. Kaskazini ni upande utokako kaskazi, na kusini ni upande utokako kusi. Mambo hayo mawili ndiyo yanayomkabili kila mtu apimaye kiwanja katika nchi za joto, kwa kuwa jua hana budi kulikwepa na upepo hana budi kuukaribisha.

Makala haya yanaeleza jinsi nyumba za pwani ya Afrika ya Mashariki zilivyoitimiza haja hiyo, na jinsi maarifa ya mafundi wake yalivyohifadhiwa katika majina ya sehemu za nyumba. Jambo hili si la historia tu. Miji ya pwani inakua upesi, na nyumba nyingi zinazojengwa humo hazikaliki wakati wa joto pasipo umeme. Majina ya zamani yangali yakitumika kila siku, lakini mengi yamehama nyumbani yakaenda kutaja vitu vingine. Na neno likihama, mara nyingi sababu ya kitu kile husahauliwa pamoja nalo.

Hewa ya pwani na haja ya mwili

Kutoka Lamu, iliyo nyuzi 2 hivi kusini mwa Ikweta, mpaka Kilwa, iliyo karibu na nyuzi 9, hali ya hewa ni ya namna moja: joto lenye unyevu mwingi. Katika Dar es Salaam joto la mchana mwezi wa Februari hukaribia nyuzi 32 za Selsiasi, na la usiku halishuki sana chini ya nyuzi 24. Joto hilo si kubwa likilinganishwa na la jangwani. Unyevu ndio unaolifanya zito. Mwili wa mtu hujipoza kwa kutoa jasho, na jasho hupoza pale tu linapokauka. Hewa iliyoshiba mvuke hulikausha polepole mno. Upepo ukipita juu ya ngozi huiondoa hewa hiyo na kuleta nyingine, na mtu huona nafuu ya nyuzi 2 au 3 ijapokuwa kipimajoto hakikubadilika.

Kwa hiyo nyumba ya pwani ina kazi tatu, na mpangilio wake ni huu: kwanza izuie jua lisipige kuta wala lisiingie vyumbani, pili ipitishe upepo, tatu isiweke akiba ya joto la mchana mpaka saa za kulala. Kaskazi huvuma tangu Desemba mpaka Machi, nacho ndicho kipindi cha joto kali. Kusi huanza pamoja na masika na kuendelea katika miezi ya kipupwe. Kati ya pepo hizo mbili huja maleleji, wakati upepo usipokuwa na upande maalumu, na hapo ndipo ubora wa nyumba hujulikana.

Mwelekeo wa nyumba

Dar es Salaam iko nyuzi 6 na dakika 48 kusini mwa Ikweta. Jua la adhuhuri hupita utosini mwa mji huo mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na karibu na tarehe 10 Oktoba. Mwezi wa Juni jua la adhuhuri huwa upande wa kaskazini, nalo liko juu kwa nyuzi 60 kutoka upeo wa macho. Mwezi wa Desemba huwa upande wa kusini, kwa nyuzi 73. Hesabu hiyo ina faida kubwa kwa mjenzi. Upenu uliotokeza mita 1 mbele ya ukuta wa kaskazini hutia kivuli, adhuhuri ya Juni, mita 1.7 za ukuta chini yake. Na upenu wa kipimo hicho hicho upande wa kusini, adhuhuri ya Desemba, hutia kivuli zaidi ya mita 3, yaani ukuta mzima wa nyumba ya kawaida.

Kuta za mashariki na magharibi hazina kinga ya namna hiyo. Jua la asubuhi na la alasiri huja likiwa chini. Likiwa nyuzi 30 tu juu ya upeo wa macho, upenu wa mita 1 hufunika sentimita 58 za ukuta, na sehemu iliyobaki hupigwa. Ndiyo sababu kanuni ya kwanza ya ujenzi wa nchi za joto yataka nyumba ilale kwa urefu wake kutoka mashariki hadi magharibi, iwe na madirisha mengi kaskazini na kusini, na machache au asiwepo hata moja katika pande zile nyingine. Nyumba iliyolazwa hivyo hupokea kaskazi na kusi kwa mshazari, jambo lisilodhuru kitu, kwa kuwa upepo wa mshazari huzunguka ndani ya chumba kabla ya kutoka.

Katika Lamu nyumba nyingi za mawe zimeelekezwa kaskazini. Makka iko karibu kaskazini kabisa mwa Lamu, na wataalamu walioichunguza miji hiyo, kama Usam Ghaidan na James de Vere Allen katika miaka ya 1970, walionyesha kwamba mpango wa nyumba ya Lamu una maana ya ibada na ya heshima ya jamaa. Hapana haja ya kuchagua baina ya sababu hiyo na ile ya hali ya hewa. Nyumba itazamayo kibla katika Lamu huwa imelipa mgongo jua la Desemba na Januari, na uso wake umeelekea upande wa upepo wa miezi hiyo. Desturi iliyokubaliana na hewa ya mahali ilipata sababu mbili za kudumu.

Paa

Kwa kuwa jua la pwani ni la utosini, katika nyumba isiyo na orofa paa hupokea joto kuliko ukuta wowote. Kiswahili kina maneno mengi ya paa la makuti, na kila neno lina kazi yake. Paa lenye migongo minne lina vipaa viwili, cha mbele na cha nyuma, na visusi viwili vya ubavuni. Makombamoyo hulala juu ya mtambaapanya, yaani mti upitao juu ya kiambaza; juu ya makombamoyo hufungwa pau, na makuti hupangwa kuanzia chini kwenda juu, kila safu ikiifunika ile ya chini yake. Jina la mtambaapanya lina mzaha wa mafundi ndani yake, lakini laeleza jambo la kweli: baina ya kiambaza na paa pana nafasi, na apitapo panya hupita na hewa pia. Joto la ndani hupanda na kutoka hapo, na jingine hupenya katika makuti yenyewe. Zaidi ya hayo, makuti yana hewa nyingi iliyonaswa baina ya majani, na hewa isiyotembea hupitisha joto kwa shida. Uso wa juu wa paa waweza kuwa wa moto mno huku wa chini ukigusika kwa mkono.

Hata hivyo lugha yenyewe yashuhudia udhaifu wa makuti, maana pamoja na kitenzi cha kuezeka kuna kinyume chake, kuezua. Makuti huoza, na baada ya miaka michache hayana budi kuezuliwa. Tena hushika moto kwa urahisi, na katika mtaa wa nyumba zilizosongamana moto wa nyumba moja huwa msiba wa wote. Aliyeacha makuti akanunua bati hakufanya ujinga. Alipata paa la kudumu, lisilowaka, na liwezalo kukinga maji safi ya mvua.

Lakini alilipia faida hizo kwa joto. Bati ni jembamba, na uso wake wa chini hupata moto karibu sawa na wa juu. Joto hilo huwashukia watu walio chini yake kama lile la jiko. Bati jipya hurudisha sehemu kubwa ya mwanga wa jua, ila likiota kutu au likipakwa rangi ya giza hulinywa. Dawa yake haina gharama kubwa: rangi nyeupe juu, dari chini, na matundu katika pembe za paa ili hewa ya moto iliyo baina ya bati na dari ipate pa kutokea. Matundu hayo ndiyo yanayosahauliwa. Dari isiyo na matundu hugeuka tanuri, na usiku kucha hutoa joto lililokusanywa mchana.

Ukuta na kiambaza

Kwa mafundi wa zamani ukuta hasa ulikuwa wa mawe, na kiambaza kilikuwa cha miti na fito zilizokandikwa udongo. Tofauti hiyo si ya mali tu. Ukuta mnene hunywa joto polepole na kulitoa polepole. Kiambaza chembamba hupata joto upesi na kupoa upesi. Ni upi ulio bora? Jibu lategemea mahali.

Katika nchi ya Ugogo, mbali na bahari, hewa ni kavu na usiku wa miezi ya Juni na Julai una baridi. Tofauti ya mchana na usiku katika Dodoma hupita nyuzi 10. Huko Wagogo walijenga tembe, nyumba yenye paa la bapa lililofunikwa udongo, ikizunguka ua wa katikati. Udongo mzito huzuia joto la mchana lisiingie mpaka jioni, na jotojoto linaloingia wakati huo hufaa usiku. Nyumba kama hiyo ikijengwa Pangani au Bagamoyo haitaleta faida ile ile, maana usiku wa pwani hauna baridi ya kutosha kuupoza udongo. Chumba cha kulala cha pwani kinafaa kiwe na kuta nyepesi zipoazo mara jua likitua.

Mtu ataweza kuuliza, ikiwa ni hivyo, kwa nini Lamu na Unguja zina nyumba za mawe zenye kuta nene. Zilijengwa na watu wenye uwezo, kwa ajili ya kudumu, usalama na heshima, na mafundi walitafuta njia za kuupunguza uzito huo. Kuta zilipakwa chokaa nyeupe irudishayo mwanga. Nyumba zilikaribiana hata vichochoro vikawa katika kivuli karibu siku nzima, na katika Lamu vyumba viitwavyo wikio vilivuka juu ya njia na kuizidishia kivuli. Ukuta ambao haupigwi na jua hubaki baridi kuliko hewa ya mchana, na mchana watu walikaa karibu nao. Wakati wa usiku wengi walipanda juu kutafuta upepo. Hata leo nyumba nyingi za Lamu zina banda la makuti juu ya sakafu ya paa. Nyumba moja, basi, ilikuwa na sehemu nzito ya mchana na sehemu nyepesi ya usiku.

Mambo mengine yalitokana na vifaa vyenyewe. Vyumba vya Lamu ni virefu na vyembamba, upana wake kwa kawaida haufiki mita 3, kwa sababu sakafu ilibebwa na boriti za mikoko, na boriti ina urefu wake. Matumbawe yaliyokatwa baharini yalichaguliwa pale palipotakiwa jiwe jepesi. Mikoko na matumbawe ni walinzi wa pwani na makazi ya samaki, na haifai tena kuvikata ili kuwajengea watu wengi. Linalofaa kuigwa ni kanuni, wala si kifaa.

Mahali pa wazi

Sehemu iliyo na ustadi mkubwa zaidi katika nyumba ya pwani ni ile isiyokuwa na ukuta. Nyumba ya udongo ina baraza mbele chini ya upenu, ukumbi unaopita kati ya vyumba kutoka mlango wa mbele hadi wa nyuma, na ua palipo na jiko na choo. Milango miwili ikiwa wazi, ukumbi huwa njia ya upepo. Jiko kuwa uani si jambo dogo: moto wa kupikia huachwa nje ya vyumba vya kulala, na moshi pia. Nyumba ya mawe ya Lamu ina daka mlangoni, kisha kiwanda, yaani uwanja wa ndani ulio wazi kwa juu, kisha msana uelekeao kiwandani, na ndani zaidi vyumba vya faragha. Kiwanda huleta mwanga na hewa katika nyumba ambayo upande wa njia haina madirisha makubwa, na hivyo watu hupata upepo bila ya kuonekana na wapitao.

Hapa mwanafunzi wa lugha ataona jambo la ajabu. Baraza leo ni mkutano wa wakubwa, hata mawaziri wana baraza lao. Ukumbi ni jumba la mikutano. Kiwanda ni mahali pa mitambo. Dari, lililokuwa jina la orofa ya juu, sasa hutaja hasa kifuniko cha chini ya paa. Maneno ya nyumba yamepanda cheo, na katika ramani nyingi za nyumba mpya sehemu zilizokuwa na majina hayo hazimo. Sebule imewekwa katikati, imezungukwa na vyumba pande zote, na haina upepo kutoka popote.

Majengo ya karne mbili za karibuni

Kanuni hizo hazikuwa za nyumba ndogo tu. Beit al-Ajaib, lililojengwa Unguja mwaka 1883 kwa amri ya Sultani Barghash bin Said, lilizungushiwa roshani pana zilizobebwa na nguzo za chuma, na kuta zake zikakaa kivulini. Sehemu yake ilibomoka tarehe 25 Desemba 2020. Mwaka 1956 wasanifu wa Kiingereza Maxwell Fry na Jane Drew walitoa kitabu juu ya ujenzi wa nchi za joto na unyevu, kilichotokana na kazi yao ya Afrika ya Magharibi. Mafunzo yake makubwa yalikuwa kivuli, mwelekeo na upepo wa kupita. Fundi wa baraza na ukumbi asingeona jambo geni humo, ila hesabu. Soko la Kariakoo, lililofunguliwa mwaka 1975 kwa ramani ya Beda Amuli, lilipewa paa la zege la miavuli mikubwa, chini yake hewa ikipita huku na huku pasipo mashine. Jengo hilo liliungua Julai 2021, lakini wazo lake limebaki kuwa mfano: paa kubwa kwanza, kuta baadaye.

Tangu zama hizo kiyoyozi kimebadili mawazo ya wajenzi. Mwenye kiyoyozi hahitaji upenu wala ukumbi wa kupitisha hewa. Ahitaji nyumba iliyofungwa. Hivyo kuta za kioo zimesimama katika miji ya Ikweta, zikiingiza joto la jua ambalo mashine hulitoa tena kwa gharama. Pangaboi latumia wati 50 hadi 75 hivi, na kiyoyozi kidogo cha chumba kimoja chatumia karibu wati 1,000. Umeme ukikatika, mwenye nyumba ya kivuli hupungukiwa na pangaboi tu, bali mwenye jengo la kioo hana budi kutoka nje. Tena madirisha ya vioo vya kusukuma, yaliyoenea sasa, hufunguka nusu tu ya nafasi yake, na hivyo hata asiyekuwa na kiyoyozi amepoteza nusu ya upepo wake.

Mbu na upenu

Ipo hoja moja nzito dhidi ya nyumba ya zamani. Ile nafasi ya juu ya kiambaza, ipitishayo hewa, ndiyo pia njia kubwa ya mbu waletao malaria, nao huingia usiku watu wakiwa wamelala. Kwa sababu hiyo watu wamehimizwa kuiziba. Ikizibwa kwa udongo au saruji, mbu hupungua na joto huongezeka. Na mtu aliyeshindwa na joto huacha kulala ndani ya chandarua. Basi dawa moja huiharibu nyingine.

Majaribio yaliyofanywa katika kijiji cha Magoda, wilaya ya Muheza, ambayo matokeo yake yalitolewa mwaka 2017, yalionyesha kwamba hapana haja ya kuchagua mojawapo. Nyumba za majaribio zilipewa kuta nyepesi zipitishazo hewa lakini si mbu, na vyumba vya kulala vya baadhi yake viliinuliwa juu ya ardhi. Zilikuwa baridi kuliko nyumba za kawaida, na mbu walioingia walikuwa wachache zaidi. Nafasi ya mtambaapanya yafaa ibaki, ila iwekewe wavu.

Kazi ya wanalugha

Katika Tanzania msanifu wa majengo husomeshwa kwa Kiingereza katika chuo kikuu, na fundi amwekeaye tofali husema Kiswahili. Mara nyingi ramani humfikia fundi ikiwa na vipimo bila sababu. Akiona upenu wa mita 1 umeongeza gharama ya mbao, naye hakuambiwa kazi yake, ataupunguza uwe sentimita 30, na mwenye nyumba atalipa kwa joto na umeme maisha yake yote. Upungufu huo hausababishwi na uhaba wa maneno, kwa kuwa upenu, kisusi, ukumbi na baraza yamo katika lugha, na fundi ayajua.

Kinachopungua ni maana kamili. Kamusi ikieleza kwamba upenu ni sehemu ya paa iliyotokeza nje ya ukuta, imeeleza umbo. Ingeongeza kwamba kazi yake ni kuukinga ukuta na dirisha na jua la adhuhuri na mvua, na kwamba hautoshi upande wa mashariki na wa magharibi, ingekuwa imeeleza upenu. Vivyo hivyo mwenye kukusanya istilahi za ujenzi angefanya vema kuanzia kwa mafundi wazee wa Lamu, Pemba, Tanga na Kilwa kabla ya kubuni maneno mapya, na kila neno aliulizie mambo mawili: kitu hiki ni nini, na kikiondolewa nyumba itapata hasara gani. Majibu ya swali la pili ndiyo yatakayomsaidia fundi kuutetea upenu wake mbele ya mtu anayetaka kuukata.